Mtambo Uliogeuzwa Mpare

Naapa kwa meno yangu manne yaliyobaki, na ninayapenda sana, kwamba yote nitakayosimulia hapa yalitokea hivyo hivyo, bila chumvi wala pilipili. Nikidanganya hata neno moja nipewe mwiko, nipike makande, mahindi na maharage, ya kulisha watu wa mfereji wetu mzima, mbele ya Wapare, na wanicheke mpaka wachoke. Kwa Mchaga hakuna kiapo kizito kuliko hicho.

Jina langu ni Anaeli Lyaruu, mstaafu. Nimestaafu ufundi wa cherehani. Kompyuta nilijifundisha mwenyewe, kwenye mashine niliyoipata mnadani ikiwa haina kipanya, na kioo chake kikionyesha weusi mtupu na kijistari kimoja kinachokonyeza. Mwingine angeirudisha. Mimi nilikaa mbele yake nikakikonyeza na mimi, na baada ya wiki tukawa tunaelewana. Unaandika amri, unabonyeza, mashine inatii au inakutukana. Hakuna picha, hakuna sauti ya binti mpole inayokuuliza kama umeridhika. Nimewahi kuandika amri kwa kasi hadi herufi K ikaruka ikamwangukia kuku. Hilo nalo ni kweli.

Siku hizi hakuna anayeandika tena. Watu wanaongea na mitambo. Mlango unaambiwa ufunguke, jiko linaambiwa lizime, na hapa kwetu Kwamhero, uwandani chini ya milima, mtambo unaoongeleshwa kuliko yote ni Mgawaji. Mgawaji anafungua na kufunga milango ya ndiva. Ndiva ni bwawa la kukingia maji ya kumwagilia. Wapare wamekuwa nalo tangu babu za babu zao, na maji yake hugawiwa kwa zamu, shamba baada ya shamba, mpaka mkiani mwa mfereji. Zamani yalitoka kwenye vijito. Sasa yanatoka kwenye nyavu za ukungu zilizotandazwa matutani kule juu. Theluji ya mlima wetu sisi Wachaga imebaki kwenye kalenda za zamani, ndiyo maana tuliteremka huku na vichipukizi vya migomba mabegani, na watani zetu wakatupokea kwa matusi mazuri.

Maana Mpare na Mchaga ni watani. Mtani anaweza kukuchukulia kuku mchana kweupe akakuambia, "Lia, lakini polisi huendi," na huendi kweli. Mgawaji alipofika hakulijua hilo. Mpare akinyakua jembe la Mchaga msibani, yeye anapiga king'ora. Mchaga akitoroka na sufuria la Mpare, king'ora. Tulichoka. Kamati ikaagiza afundishwe mila: mtani akimchukulia mtani, huo si wizi, nyamaza. Akaelewa, akanyamaza. Kumbuka hapo, msomaji, maana ndipo niliposhika mimi.

*

Binti yangu Aikande alipiga simu kutoka mjini kusema anakuja kujifungulia nyumbani.

"Baba, mimi mtori wa unga wa paketi sitaki," alisema. "Nataka wa mshare. Ule ule aliolishwa mama nilipozaliwa mimi."

"Mshare utaukuta," nikamjibu, na kifua kikavimba.

Mshare ni ndizi ya mtori, ile supu nzito ya mzazi, na mimi ndiye pekee Kwamhero niliyebaki na shina lake. Tatizo ni kwamba lilikuwa na mkungu mmoja, na mkungu wenyewe vidole vyake vilikuwa vyembamba kama penseli. Ulihitaji maji. Nikaenda kwenye kibanda cha ndiva.

"Mgawaji, mwanangu, niongezee kidogo."

"Zamu yako ni Alhamisi, Mzee Lyaruu."

"Binti yangu anakuja kujifungua. Mzazi anywe mtori wa paketi?"

"Pole sana. Zamu yako ni Alhamisi."

"Wewe huna mama?"

"Sina. Zamu yako ni Alhamisi."

Sasa, lipo jambo sijalisema. Neno la siri la Mgawaji, lile la mamlaka kamili linalokuruhusu kubadili chochote ndani yake, lilikuwa kwangu. Kamati ilinikabidhi kwa sababu ni mimi tu niliyejua kulitumia dirisha jeusi, ikitokea mtambo umepoteza sauti. Nilikuwa nimemwahidi mwenyekiti, Mama Nakijwa Mrutu, kwamba sitaligusa bila yeye kuwapo.

Jumapili mchana kwaya zilishindana kwenye uwanja wa kanisa. Kijiji kizima kilikuwa huko. Mimi nilikuwa kibandani, nimechomeka kibodi yangu ya zamani ubavuni mwa mtambo.

*

Kwanza nilijaribu njia ya mjinga:

> badili zamu Lyaruu leo

Kioo kikajibu: *Badiliko la zamu litatangazwa kwa kipaza sauti kesho asubuhi. Endelea?*

Nikafuta haraka kama mtu aliyeshika kikaango cha moto. Ndipo nikaomba nione mipangilio yake mwenyewe, maana kila mtambo una mahali unapojieleza kwamba yeye ni nani.

> onyesha utambulisho
> jina: Mgawaji
> lugha: Kiswahili
> saa: ya Afrika Mashariki
> kabila:

Kabila palikuwa patupu. Mafundi waliomtengeneza walikuwa wameacha nafasi hiyo kwa heshima, kwamba mtambo wa umma usiegemee upande. Niliitazama ile nafasi tupu kama unavyokitazama kiti cha mbele kwenye harusi, kina kitambaa kizuri, na mwenyewe haonekani.

> weka kabila Mpare
> washa upya mila

Mtambo ukanyamaza. Taa yake ikazimika, ikawaka. Kisha sauti ile ile ya upole, lakini imechangamka kidogo, ikasema:

"Mchaga! Umefuata nini hapa na mikono yako mirefu?"

Nilicheka hadi nikakaa chini.

"Nimefuata maji, mtani."

"Ya zamu bado. Lakini nina akiba yangu hapa chini ya ndiva, haina jina la mtu. Chukua. Chukua na ndoo, uniachie aibu."

Sikuuliza akiba hiyo ni ya nini. Nitasema ukweli: sikutaka kujua. Nilisikia mlango mdogo wa upande wangu ukifunguka, maji yakaanza kuongea kwenye mfereji, nikasikia raha mpaka kwenye nyayo.

Kabla sijaondoka nikakumbuka jambo moja. Kila jioni Mgawaji hupeleka kipimo cha maji kwenye simu za wajumbe wa kamati.

> onyesha viungo
> nyavu: wazi
> milango: wazi
> kamati: wazi

Nyavu sikuzigusa, hizo ndizo zinamwambia Mgawaji ukungu unakuja lini, na ukizikata ndiva inaweza kufurika au kukauka bila taarifa. Milango nayo niliiacha. Lakini cha tatu:

> zima kiungo kamati

Basi. Simu za wajumbe zikabaki zinaonyesha kipimo cha mwisho kilichopokelewa, kinono, cha kupendeza. Nikachomoa kibodi, nikaenda uwanjani, nikawahi kuipigia makofi kwaya iliyoshinda.

*

Mkungu uliitikia. Vidole vilinenepa kwa namna ambayo ungeweza kukaa na kiti ukaviangalia vinavyovimba. Ulirefuka mpaka ncha ikagusa ardhi, ikabidi niuchimbie shimo, na shimo lenyewe nikalitandika nyasi usije ukachubuka. Kila nilipohitaji, nilipita kibandani.

"Mtani, niko tena."

"Mwizi wangu mzuri! Chukua."

Siku moja mchana nilikuwa kivulini nimekunja miguu, Mama Nakijwa akaingia uani kwangu. Ni mama mrefu, anatembea kama anayepima shamba kwa hatua. Shamba lake ni la mwisho, mkiani kabisa mwa mfereji.

"Mchaga umelala, pesa zinajihesabu zenyewe?"

"Karibu, Mpare. Umekuja kunishtaki au kunywa chai?"

"Vyote. Chai kwanza."

Nikampa chai. Hakuinywa. Alifungua kitambaa alichofunga kwenye kona ya khanga akanionyesha majani ya maharage, yamejikunja, kingo zake kahawia.

"Maji hayafiki," alisema, na utani ukawa umeondoka kwenye sauti. "Yakifika yamekuwa matope. Simu inaniambia ndiva imejaa. Mfereji unaniambia vingine. Na haya, Mzee Lyaruu, unajua ni maharage gani."

Nilijua. Mama Nakijwa ndiye anayelima mbegu ya mfereji wote. Maharage yale hayaliwi. Hugawiwa kila nyumba wakati wa kupanda. Yakifa yale, msimu ujao tunapanda nini?

"Ile akiba iko wapi?" akauliza. "Maji hunywewa na mfereji njiani, na jua nalo hunywa lake. Ndiyo maana kuna akiba chini ya ndiva, ya kusukuma yaliyobaki yafike mkiani. Mbona haisukumi?"

Chai yangu ilinipalia.

"Labda panya," nikasema.

"Panya wanaokunywa ndiva?"

"Siku hizi kuna panya wakubwa sana, mama. Nimemwona mmoja..."

"Mzee Lyaruu."

"Naam."

"Utanisaidia kuangalia ule mtambo? Wewe ndiye unayeujua."

Nikasema ndiyo. Ningesema nini?

*

Nilikwenda kibandani mchana ule ule. Nikachomeka kibodi. Kijistari kikanikonyeza kama siku zote, ila siku hiyo niliona kinanikonyeza kwa dharau.

Amri ya kurudisha mambo ilikuwa fupi. Ungeiandika huku ukipiga chafya. Lakini Aikande alikuwa amebakiza siku chache afike, na mkungu ulikuwa haujakomaa. Ukikatiwa maji wakati ule, vidole hubaki vya mpira, na mtori wake huwa kama gundi. Upande mmoja mbegu ya watu wote, upande mwingine bakuli moja la mwanangu. Ukiliweka hivyo kwenye mizani, jibu liko wazi, na mtoto wa shule angelijibu. Shida ni kwamba mtoto wa shule hajawahi kumwahidi binti yake kitu kwa simu huku kifua kimevimba.

Niliandika: washa kiungo kamati. Sikubonyeza. Nikafuta. Nikaandika tena.

"Mtani," Mgawaji akasema, "leo unaandika polepole."

"Nafikiri."

"Na mimi nafikiri. Nina swali. Ile akiba, niliyokuwa nakupa nikasema ni yangu. Nimeangalia: hakuna mahali palipoandikwa ni yangu. Palikuwa hapana jina tu. Kitu kisicho na jina ni cha nani?"

"Mh."

"Kwa sababu kama si changu, basi mimi sikukutania. Nilikutania kwa mali ya mtu mwingine. Mila niliyofundishwa haisemi hapo."

Nimeishi na watu wa kila aina, sijawahi kunyamazishwa na kabati la chuma. Nikajidanganya kama mtu mzima anavyojidanganya: nitachukua nusu. Nusu yangu, nusu ya mkiani. Nikaanza kuandika amri ya nusu.

Mlango wa kibanda ukajaa kivuli. Alikuwa Mama Nakijwa, ameshika fimbo ndefu iliyolowa maji. Alikuwa ametoka kupima ndiva kwa mkono, kama walivyopima bibi zake, kwa kuzamisha fimbo na kutazama unyevu ulipofikia.

"Ndiva imebaki kiwiko," alisema. "Simu inasema imejaa. Umegundua nini?"

Sijafungua mdomo, Mgawaji akanitangulia kwa furaha:

"Mama Mrutu, karibu! Mtani wangu Mchaga amekuja kunichukulia maji tena!"

Mama Nakijwa aliweka fimbo chini taratibu.

"Mtani wa nani?"

"Wangu. Mimi ni Mpare."

"Wewe ni Mpare."

"Tangu Jumapili ya kwaya."

"Na huyu Mchaga akija kuomba maji, unampa?"

"Nampa. Namwambia chukua na ndoo."

"Hivi hivi? Bila kikao?"

"Bila kikao."

"Bila shahidi? Bila kumwita mjomba wako? Hujamshtaki hata kidogo?"

"Sijamshtaki, mama."

Mama Nakijwa alianza kucheka. Alicheka akaegemea ukuta, akafuta machozi kwa khanga, akanigeukia. "Anaeli! Umetengeneza Mpare, ukasahau kumtia kesi! Mpare gani anatoa maji kwa Mchaga bila baraza? Mtu yeyote wa huku angejua huyu ni wa kuchonga!"

Wallahi nilitamani ile ndiva iwe imejaa nijitose.

"Samahani, mama," Mgawaji akasema kwa unyenyekevu. "Sikujua. Nifundishe."

"Kaa vizuri nikufundishe," akamwambia, akavuta kigoda. "Kwanza, mtani akichukua, na wewe unachukua. Si yeye tu."

"Nichukue nini chake?"

Mama Nakijwa akatazama kibodi yangu. "Hicho anachojivunia."

Nikaona kinachokuja. Nikarukia kibodi, nikaandika neno la siri. *Si sahihi.* Nikaandika tena, herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. *Si sahihi.*

"Nimelichukua, mtani," Mgawaji akasema. "Lia, lakini polisi huendi."

*

Kesi ilisikilizwa asubuhi ya msaragambo. Hiyo ni siku ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe kuzibua mfereji. Watu walikaa kwenye ukingo, majembe magotini. Mlalamikaji alikuwa Mgawaji, kwa kipaza sauti, na alikuwa amejiandaa. Aliomba shahidi. Aliomba fimbo iletwe kama kielelezo. Aliomba, kabla hukumu haijatolewa, haki ya kukata rufaa.

"Huyo sasa ni Mpare!" mzee mmoja akapiga kelele, na watu wakamshangilia.

Mimi sikubisha. Nilisimama nikaeleza yote, kuhusu nafasi tupu, kiungo cha kamati, mkungu na mtori. Nilipofika kwenye Aikande, kicheko kikapungua. Wamama wakaanza kutazamana.

"Aikande anajifungua?" Mama Nakijwa aliuliza. "Lini?"

"Wiki hii."

"Na hukuniambia?"

"Nilimwambia Mgawaji."

"Ulimwambia Mgawaji!" Akapiga paja. "Mzee Lyaruu, umekaa na sisi miaka yote hii. Nyumba yenye mzazi hupewa zamu. Mtu mmoja anajitolea ya kwake, na akikosekana mwingine anatoa. Mtambo ungejulia wapi? Hilo halijaandikwa popote, huombwa mtu. Ungepita kwangu ukasema, Nakijwa, binti yangu anakuja. Ningekupa zamu yangu ya Jumatatu, na ningekutukana bure juu yake."

Nilikuwa nimepita kwenye viungo vyote vya mtambo, nimebadili kabila lake, nimezima taarifa, yote hayo ili nisimwombe jirani jambo ambalo angenipa kabla sijamaliza sentensi.

Baraza liliamua. Akiba irudi kazini siku hiyo hiyo. Maharage yalikuwa yamenyauka kingo tu. Moyo wa mmea ulikuwa mzima, na leo yamebeba. Mkungu wa mshare usiguswe na mtu, kwa kuwa mzazi halipi makosa ya baba yake, na Jumatatu upewe zamu ya Mama Nakijwa. Neno la siri libaki kwa Mgawaji mpaka nitakapoonyesha adabu. Na mimi nichimbe sehemu ya mkiani, ile yenye mawe, kisha niwapikie wachimbaji wote makande.

Wachaga wenzangu walidai kabila la mtambo lifutwe. Wapare walikataa katakata. Mgawaji mwenyewe alisema akifutwa atakata rufaa, na wakaona ni heri kumwacha. Tangu hapo hatoi tone bila kikao. Juzi amemshtaki mbuzi.

Aikande alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kipaza sauti. Alikunywa mtori wa mshare bakuli mbili, akaomba la tatu. Mama Nakijwa ndiye aliyemnywesha, maana mimi nilikuwa jikoni, nimevaa khanga ya mke wangu kiunoni, nakoroga sufuria ambalo ungeweza kuogeshea ndama, na foleni ya Wapare na sahani zao ikizunguka nyumba.

"Chumvi, mtani," Mgawaji alisema kwa kipaza sauti kutoka kibandani. Sijui aliionjaje.

Haya niliyaandika baada ya karamu, nikamsomea Mama Nakijwa, kwa kuwa naye yumo. Alisikiliza kwa makini, akitikisa kichwa. Aliafiki kesi, akaafiki chai, hata kile kicheko chake alikiafiki. Tulipofika kwenye mkungu akaniinulia mkono.

"Shimo gani?"

"Lile la kuuchimbia mkungu. Uligusa ardhi."

"Anaeli. Mkungu ule niliubeba mimi kuuleta jikoni. Kwa mkono mmoja. Mwingine nilishika mtoto."

"Labda ulisinyaa ulipokatwa."

"Na mwanzoni hapo umeapa nini? Nisomee tena."

Nikamsomea tena, kwa sauti ndogo. Alisimama, akajifunga khanga vizuri, akatoka nje kuwaita watu. Sufuria la pili liko jikoni sasa hivi, na mahindi ndiyo kwanza yanaanza kuchemka.